Laptopu ya chuma sio sufuria: namna ya kutoa gundi, madoa na alama bila kuichuna

Mwaka juzi nilimwachia mdogo wangu laptopu yangu wikiendi moja tu, narudi naikuta inang'aa. Yaani inang'aa kweli, ila sehemu moja tu, pale pembeni ya tachipedi ambapo mkono wa kulia unapumzika, duara kubwa kama kisahani cha kikombe, na kwingine kote iko vilevile na ukijivu wake wa siku zote. Namuuliza we hapa umefanyaje, anajibu na furaha kabisa, "Kaka palikuwa na doa la peni, nimelitoa na dawa ya meno." Dawa ya meno na nini? "Na ile sponji ya vyombo, upande wa kijani." Basi. Doa kweli lilitoka, na uso wa laptopu nao ukatoka, na haurudi ng'o, mpaka leo kila anayekaa karibu yangu lazima aulize hapo pamefanyaje.

Sikumgombeza sana maana najua alikojifunzia, wote tumejifunzia hapohapo. Sisi alumini tumeijulia jikoni. Sufuria ikishika masizi unachukua majivu, au mchanga, au stilwaya, na kipande cha limau kama unataka wageni wajione sura, unasugua mpaka mkono unauma na sufuria inarudi nyeupe pee. Na inafanya kazi kwa sababu sufuria ile ya kawaida ni alumini tupu toka juu mpaka chini, ukikwangua ngozi ya juu unakutana na alumini nyingine ileile, hakuna kilichopotea zaidi ya unene kidogo. Laptopu sio hivyo. Ukishaelewa tofauti hiyo moja, mengine yote nitakayosema hapa utaweza hata kuyabuni mwenyewe.

Kwanza ujue unachosugua

Laptopu nyingi za alumini, anza na zile MacBook za bodi ya kipande kimoja zilizotoka 2008 mpaka hizi HP EliteBook ambazo zimejaa kwenye maduka ya used mjini, uso wake sio alumini tupu. Kiwandani ile bodi inatumbukizwa kwenye asidi na kupitishwa umeme, na kwa namna hiyo juu ya chuma inajengeka ngozi ya oksidi ya alumini, ndo wanaita anodaizi. Ngozi hii ni ngumu kweli, oksidi ya alumini ndiyo hiyohiyo inayotengeneza yakuti, lakini ni nyembamba mno, ni mikroni kidogo tu wakati unywele wako una kama mikroni 70. Na kama laptopu ina rangi, ile kijivu iliyokolea au bluu nyeusi au dhahabu, rangi imenyweshwa ndani ya vitundu vidogo vya hiyo ngozi halafu vitundu vikazibwa. Kwa hiyo rangi haijapakwa juu kama ukuta, iko ndani ya ngozi, ngozi ikienda na rangi inaenda.

Ngozi hiyo ina maadui wawili. Wa kwanza ni msuguo wa kitu chenye chembe, sponji ya kijani, stilwaya, msasa, dawa ya meno, unga wa kusugulia masinki. Hata kama havimalizi ngozi yote, vinalainisha ule ukwaru wake mdogo unaoufanya uso using'ae, matokeo yake ndo lile duara langu linalong'aa. Wa pili ni asidi na magadi. Oksidi ya alumini inakaa salama kwenye vitu ambavyo viko katikati, kama pH 4 mpaka 8 na kidogo hivi (pH ni kipimo cha uchachu, 7 ndo katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni magadi), ukitoka nje ya hapo inaanza kuliwa. Limau na siki ziko chini huko kwenye 2 au 3. Jik iko juu kabisa zaidi ya 11, sabuni ya unga na majivu viko juu pia. Kama umewahi kuchemsha maharage na magadi kwenye sufuria ya alumini ukaona ndani imegeuka nyeusi, basi umeshaona kwa macho yako alumini inafanywa nini na magadi, hauhitaji darasa la kemia.

Sasa kuna laptopu zinaonekana za chuma na sio alumini ya hivi. Zile Surface Pro za mwanzo mwanzo zilikuwa magniziamu iliyopakwa, ThinkPad nyingi zina rangi nyeusi laini kama mpira, na kuna za bei ya chini ambazo ni plastiki tu iliyopulizwa rangi ya fedha. Hizi ni rangi juu ya kitu, na spiriti inaweza kuilainisha hiyo rangi ikawa inanata, au ikaondoka nayo kabisa. Kuitambua sio ngumu: shika asubuhi kabla hujaiwasha, chuma kitakuwa baridi mkononi na plastiki haitakuwa baridi namna hiyo, halafu angalia kona na ukingo wa matundu ya chaja, kama pamechubuka na chini unaona rangi nyingine kabisa, nyeusi au nyeupe ya plastiki, basi hiyo imepakwa. Ya kupakwa wewe ishia kwenye maji, sabuni na mafuta ya kula, spiriti usiiguse mpaka uwe umejaribu chini ya laptopu sehemu ambayo haionekani.

Vitu vya kuwa navyo

Havifiki hata kumi. Vitambaa viwili vya maikrofaiba, vile vya kufutia miwani au vya kufutia gari, ila vya gari viwe vipya, ukichukua kile kilichoshafuta gari ya barabara ya vumbi umechukua msasa. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Pamba. Mafuta ya kula kijiko kimoja, ya alizeti au ya nazi yoyote yale. Kadi ya plastiki, ya benki iliyokwisha muda. Raba nyeupe ya kufutia penseli. Vijiti vya meno. Na spiriti, isopropili ya asilimia 70 ukiipata.

Hapo kwenye spiriti nisimame kidogo maana watu wanaharibikiwa hapo. Nilienda duka la dawa nikamwambia dada, naomba isopropili, akaniangalia, akaniuliza ndo nini hiyo, nikasema spiriti ile safi ya kufutia vifaa, akanipa chupa ya spiriti ya hospitali. Ile kwa kufuta ngozi kabla ya sindano haina shida, lakini spiriti za aina hiyo nyingi zinakuwa na mafuta ya mbarika ndani yake ili zisikaushe ngozi ya mtu, kwa hiyo ukifutia laptopu inakuachia utando wa mafuta, unafuta tena, unaongeza utando, unaanza kudhani laptopu ndo imechoka. Soma kibandiko cha chupa. Ukiona ni ethanoli au isopropili na maji tu, sawa. Mafundi simu wengi wanayo isopropili maana wanasafishia saketi za ndani ya simu, muulize fundi wa mtaani kwako alikonunua. Sanitaiza ya mkono sio mbadala, ya jeli inaacha gundi yake mwenyewe, na za maji zilizotengenezwa kwa ile fomula ya WHO zina gliserini na haidrojeni peroksaidi, na peroksaidi ni moja ya vitu ambavyo Apple wenyewe wanasema visiguse mashine zao. Wenyewe wanaruhusu isopropili ya 70 au ethanoli ya 75 kwenye sehemu ngumu za nje, na blichi wanaikataza kabisa.

Na maji. Kama uko Dar na maji yako ni ya kisima, yale yenye chumvi, usiyatumie, yakikauka yanaacha michirizi meupe na utaanza kufuta maji badala ya doa. Tumia ya kunywa ya chupa, yanatosha kwenye kifuniko tu. Kuna mtu aliniambia atumie maji ya betri kwa sababu hayana chumvi. Ni kweli yale ya kuongezea betri hayana chumvi, lakini jina hilohilo watu wanaliitia na asidi ya kujazia betri mpya, na zote zinakuja kwenye chupa za plastiki zinazofanana, kwa hiyo mi hapo nasema hapana, kunywa maji yako nusu na nusu futia.

Kabla hujalowesha chochote

Zima laptopu, zima kabisa sio kuifunga tu. Chomoa chaja, chomoa flashi, chomoa kila kinachoning'inia. Chaja kuchomoa sio kwa sababu ya maji peke yake. Wengi mmeshawahi kugusa laptopu ya chuma ikiwa kwenye chaji mkasikia kama vidole vinasisimka, kama bodi imekuwa na mchanga unaotetemeka. Ile ni chaja ya pini mbili isiyokuwa na waya wa ardhi, au ya pini tatu iliyochomekwa kwenye adapta ya pini mbili, kuna umeme kidogo sana unavuja kupitia kwenye chaja na unatafuta njia ya kwenda chini, na njia ni wewe. Kwa kawaida hauna madhara ila ukiwa na kitambaa kibichi mkononi utausikia vizuri zaidi, na kurusha laptopu kwa mshtuko ni uharibifu mkubwa kuliko doa.

Anza kufuta mgongo na kifuniko ikiwa imefungwa. MacBook za miaka hii zinawaka zenyewe ukifunua, na ukishafunua ukigusa kitufe chochote inawaka tena, ndo maana ndani nafanya mwisho na nafanya haraka.

Vumbi toa likiwa kavu kwanza. Brashi laini ya kupakia poda, au ile ya kupakia rangi mpya kabisa, unapitisha bila kukandamiza, kwenye mishono na pembeni ya vitufe. Usipulize na mdomo, unatema mate.

Halafu sabuni. Tone moja, nasema tone moja, kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, chovya kona ya kitambaa, kamua mpaka ukikibana hakidondoki kitu. Kinacholowa ni kitambaa, laptopu hailoweshwi hata siku moja, hupulizii wala humimini. Futa kwa kwenda upande mmoja toka juu kwenda chini, kisha kitambaa kingine chenye maji matupu kilichokamuliwa, kisha kikavu. Kwenye matundu ya chaja, spika na pale feni inapotolea hewa pita mbali kidogo, sehemu hizo malizia na kijiti cha meno ulichokizungushia kitambaa kikavu.

Na mara nyingi utashangaa, kazi imeishia hapo. Robo tatu ya vitu ambavyo watu wananiletea wakisema ni doa sugu ni jasho, mafuta ya chipsi na vumbi vilivyoungana, sabuni inaondoa. Ndo maana nasema hata kama unaona kabisa hili ni la gundi, anza na sabuni, doa likibaki ndo unapanda ngazi inayofuata.

Gundi ya stika

Hii ndo kesi kubwa kwetu kwa sababu laptopu nyingi tunazonunua zimeshakuwa za mtu, au za kampuni, au za shule huko Uingereza, na zinakuja na stika za namba ya mali, stika ya muuzaji, stika ya garantii, wakati mwingine stika juu ya stika. Na mtu wa kwanza kuibandua alikuwa na haraka, karatasi ikatoka nusu, gundi ikabaki, ikakusanya vumbi, sasa hivi ina rangi nyeusi na inanata.

Kama stika bado ipo nzima una bahati, usiivute ikiwa ya baridi. Chukua draya ya nywele, moto wa chini, shika mbali kama shibri moja, itembeze isikae sehemu moja, dakika moja hivi. Kipimo ni mkono wako: weka kiganja pale juu, ukishindwa kukiacha umezidisha, na kumbuka chini ya sehemu ya kupumzishia mikono mara nyingi ndo betri imelala, betri haipendi moto, kwa hiyo kwa stika za pale ndani mi natumia kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa sana badala ya draya. Ikishapata joto inua kona moja na ukucha, halafu vuta taratibu ukiikunja inarudi nyuma juu yake yenyewe, usivute kwenda juu. Ukivuta polepole gundi inaondoka na stika, ukivuta kwa hasira inabaki kwenye laptopu.

Zile stika za kampuni za usalama zina ujanja, ukibandua zinaacha maandishi ya VOID yamejipanga kwa gundi kama muhuri. Usiogope, ni gundi tu iliyopangwa kwa herufi, inatoka kama nyingine ila itakula muda mara mbili.

Sasa gundi iliyobaki. Jaribu kwanza kidole, kidole kikavu, sugua kwa kuzungusha, gundi iliyo bado laini inajiviringa yenyewe kuwa vipira vidogo kama tambi na inatoka. Au chukua selotepu, izungushe kidoleni upande wa gundi uwe nje, gonga gonga pale, gundi inashikana na gundi mwenzake inaondoka. Inachosha ila haina hatari yoyote.

Iliyogoma ndo unaipa mafuta ya kula. Watu wanacheka nikisema hivi lakini gundi ya stika ni kitu cha asili ya mafuta, inalainika kwa mafuta, maji hayaifanyi kitu. Lowesha pamba kwa mafuta, isidondoke, ilaze juu ya gundi, nenda kanywe chai, rudi baada ya dakika 10 au 15. Halafu kadi ya plastiki, ilaze karibu kuwa sambamba na laptopu usiisimamishe, sukuma, gundi inakuja kama ugali laini. Isipokuja yote rudisha pamba, usiongeze nguvu. Mafuta ya taa nayo yanatoa gundi na haraka zaidi, sitaki kudanganya, lakini laptopu itanuka wiki nzima na yanawaka moto, na mafuta ya kula yanafanya kazi ileile bila kukuletea matatizo. Ukimaliza futa mafuta kwa kitambaa cha sabuni mara mbili, mwisho spiriti kidogo kwenye kitambaa, pita mara moja, utaona panakauka bila utando.

Kisha utaona kitu kinawakatisha watu tamaa: gundi imeisha lakini umbo la stika bado linaonekana, mraba mweupe kidogo kuliko pembeni. Mara nyingi mraba ndo msafi na pembeni ndo pachafu, miaka mitatu ya uchafu mwembamba, stika ilikuwa inalinda. Safisha mgongo wote kwa sabuni halafu kwa spiriti, umbo linapotea. Kama baada ya hapo bado lipo na laptopu ni ya rangi, basi ni rangi ya pembeni iliyopauka, hakuna dawa, acha.

Stika moja usiibandue: ile ya chini yenye namba za mashine, na kwenye laptopu za zamani za Windows 7 ile yenye namba ndefu ya leseni. Kama imeshaanza kufutika ipige picha. Na kama jina la kampuni au shule limechongwa kwenye chuma, sio stika, hilo halitoki, na mi ningekuwa wewe ningemuuliza muuzaji risiti kabla ya kuuliza namna ya kulifuta.

Peni, maka na rangi ya kucha

Wino wa peni na maka peni unatoka kwa spiriti. Tia kwenye pamba, gusa doa, subiri sekunde chache, inua, usisambaze, geuza upande msafi, rudia. Ukisugua kama unafua utakuwa na wingu la bluu badala ya mstari. Kama huna spiriti kuna ujanja wa waalimu: chukua maka ya ubao mweupe, andika juu ya ile alama ya maka sugu uifunike yote, futa palepale kabla haijakauka. Wino mpya unayeyusha wa zamani na unaondoka nao. Kwenye ile matata inakwenda kwa awamu mbili tatu.

Rangi ya kucha ndo mtihani kwa sababu kinachoitoa ni asetoni, na asetoni yenyewe ngozi ya anodaizi haiidhuru, ila itakula plastiki ya pembeni ya skrini, vitufe, maandishi ya nembo yaliyopakwa na mpira wa kuzunguka skrini. Kwa tone lililoko katikati ya mgongo wa chuma mtupu, mbali na kila kitu, kijiti cha pamba kilichonusa asetoni kinaweza kupita. Karibu na kibodi mi nalikwangua kwa kadi na uvumilivu tu. Thina ya rangi ya fundi isikaribie, ni asetoni na ndugu zake wote kwenye kopo moja. Petroli vilevile, sijui nani aliwaambia watu petroli inasafisha laptopu.

Na hata spiriti inawaka. Usifanye kazi hii pembeni ya jiko la mkaa, na umeme ukikatika usiwashe mshumaa uendelee.

Mistari ambayo watu wanadhani ni mikwaruzo

Hapa ndo napenda zaidi maana kuna furaha. Mtu analeta laptopu ina mstari mweusi au wa kijivu unaong'aa, anasema imekwaruzwa na zipu ya begi, au na mkanda wa saa, roho inauma. Pitisha ukucha kwa kuukata ule mstari. Ukucha ukikwama kidogo, pole, huo ni mkwaruzo. Ukiteleza kana kwamba hakuna kitu, basi mara nyingi laptopu haijakwaruzwa, laptopu ndo imekwaruza. Ile ngozi ya oksidi ni ngumu kuliko zipu, ngumu kuliko funguo nyingi, kwa hiyo chuma cha zipu ndo kimesagika na kubaki juu ya laptopu kama chaki kwenye ubao.

Dawa yake ni raba nyeupe ya penseli. Futa kama unafuta hesabu, taratibu, kwa kufuata urefu wa mstari, halafu toa vumbi la raba, halafu kitambaa cha sabuni. Iwe ile nyeupe laini, sio ile ya rangi mbili ambayo upande mmoja ni wa bluu kwa ajili ya peni, ule upande una mchanga ndani, unaondoa wino kwa kuchubua karatasi na utachubua laptopu pia. Zile sponji nyeupe za ajabu zinazofuta ukuta, za melamini, nazo ni msasa laini sana, zinaonekana kama povu la kawaida ila zinakwangua. Kwenye bodi ya rangi ya fedha mtu mwenye mkono mwepesi anaweza akazitumia akapona, kwenye bodi ya rangi nyeusi au bluu usijaribu.

Ule wa ukucha kukwama haufutiki. Umeshafika kwenye alumini nyeupe ya ndani na hakuna cha kupaka kitakachorudisha ngozi, msasa utaongeza ukubwa wa kidonda.

Pale unapolaza mikono

Kuna utando mweusi unakaa mbele kwenye ukingo, na pembeni ya tachipedi kwenye ule mfereji mwembamba. Ni jasho, mafuta ya ngozi na losheni. Kitambaa cha sabuni ya uvuguvugu kilaze pale dakika moja kilainishe, futa, halafu kijiti cha meno kilichovikwa kitambaa kwenye mfereji. Spiriti mwisho.

Lakini ukiisafisha yote halafu ukaona nukta nukta ndogo, nyeupe au kijivu, ukigusa unasikia kama punje au kama vishimo, zile sio uchafu. Ni kutu ya alumini. Jasho lina chumvi, chumvi inapenya kwenye ngozi sehemu iliyo dhaifu na kuchimba kashimo kadogo kwenda chini, na kashimo kenyewe kanahifadhi chumvi na unyevu, kwa hiyo kanaendelea. Watu wa Tanga, Unguja, Mombasa, sisi wa Dar, tunaongezewa na hewa ya bahari juu ya jasho letu. Nukta hizo ukizisugua unapanua shimo, hazitoki kwa chochote. Unachoweza ni kuzichelewesha: futa jasho kila ukimaliza kazi, kitambaa kibichi halafu kikavu, sekunde ishirini, na usiifunge laptopu ikiwa bado ina jasho la mikono juu yake ukaiingiza kwenye begi mpaka kesho.

Tishu za watoto zile zenye maji ndo watu wanapenda kutumia pale, mi sizipendi, zina losheni, zinaacha utando unaokusanya vumbi jipya kabla ya jioni.

Kuhusu lile duara langu, nililipeleka kwa fundi mmoja anayejua bodi za MacBook akaliangalia kwenye mwanga akanirudishia laptopu bila kusema kitu, akacheka tu. Kubadilisha sehemu yote ya juu ni bei ambayo ningeongeza kidogo nikapata mashine nyingine. Kwa hiyo nimelibandika stika, ya vinaili, sio ya karatasi, kwa sababu ya vinaili inabanduka kipande kizima. Mdogo wangu ndo aliichagua, ni ya timu yake, na nimemwambia siku ikianza kuinuka kona asiiguse na chochote.